Kulikondesha Gari la Majini

Jumatatu, 3 Machi

Kwa heshima na taadhima inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia maana nao wanajua, kwamba gari letu la upelelezi halivuji tena kwenye mlango wa kushoto. Sasa linavuja kwenye mlango wa kulia.

Haya ni maendeleo. Mlango wa kulia ni mdogo zaidi.

Nijieleze kidogo, ingawa shajara hii haisomwi na mtu ila mimi (na mke wangu, siku akifuta vumbi). Karakana yetu ya jeshi inatengeneza gari la magurudumu sita. Barabarani linakwenda kama gari. Likifika kwenye maji halitafuti daraja: linaingia, linaogelea, linamchungulia adui, linarudi kusimulia. Mimi ni mkuu wa kitengo cha maji. Kuelea ni kwangu, kuziba matundu ni kwangu, na rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji, ni kipenzi changu. Mwenyewe sijui kuogelea. Hilo kazini halijui mtu, na sioni sababu ya kulitangaza.

Leo Kanali, mkuu wa karakana, alituita na habari mbili. Ya kwanza: Ijumaa Jenerali anakuja bwawani na wakaguzi wake. Gari livuke bwawa, likasome maneno yaliyoandikwa kwenye ubao ng'ambo, nyuma ya hema la wakaguzi, na lisionekane wala kusikika. Likishindwa, kuogelea kunafutwa. Gari linabaki la nchi kavu, kitengo cha maji kinavunjwa, mafundi wangu wanagawanywa kama nguo za mitumba, na mimi naenda stoo ya vipuri. Stoo ile haina dirisha. Mkuu wake wa sasa huongea na boliti.

Habari ya pili: gari limenenepa. Mizani ndiyo iliyosema. Kila kitengo kimekuwa kikiongeza kitu kidogo tu, na vitu vidogo tu vimefika uzito wa ng'ombe mzima. Alhamisi gari linapanda mizani tena. Likizidi, maji halitayagusa.

Ekseli alitabasamu. Huyu ni mkuu wa kitengo cha magurudumu. Tunamwita Ekseli kwa kuwa hapindi, hata ukimgonga. Tangu gari hili lianze yeye anaamini gari likitaka kuoga lioshwe kwa mpira uani. Akaninong'oneza kwamba stoo ya vipuri ina upepo mzuri sana.

Haina dirisha! Upepo unatoka wapi?

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa kupunguza uzito. Nilikwenda na mpango mmoja safi: gari likonde, ila likondee upande wa Ekseli.

Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba tairi la spea, pamoja na umuhimu wake wote, ni mzigo. Nani atabadilisha tairi katikati ya bwawa? Watu wakacheka. Kanali akatikisa kichwa kukubali. Nikaketi nikijiona mtu.

Ekseli naye akasimama. Akasema, kwa masikitiko makubwa kuliko yangu, kwamba gari letu pengine ndilo gari pekee lenye nanga. Je, likiegeshwa sokoni linashusha nanga? Watu wakacheka zaidi. Kanali akatikisa kichwa zaidi.

Matokeo: tairi nje, nanga nje. Nanga ile niliichora mwenyewe. Nimeichomelea mwenyewe. Ina pembe nzuri kuliko za mbuzi yeyote. Sasa imeegemezwa ukutani nje ya ofisi yangu na mafundi wanatundikia makoti.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Baada ya mkutano nilimfuata Kanali nikamwomba kiti cha mtazamaji, kile cha juu, anapokaa mtu mwenye darubini. Hoja yangu ilikuwa nzito: tone la kwanza likipenya, nani alizibe kama si mkuu wa kitengo cha maji? Hoja ambayo sikuitoa ni kwamba miaka yote hii nimelijenga gari hili na sijawahi kukaa ndani yake likielea. Mpishi gani huyo asiyeonja?

Kanali alinitazama tumbo kwa muda mrefu, kama mhandisi anayekagua daraja la zamani. Akasema koplo aliyepangiwa kiti hicho ana uzito nusu yangu. Akasema sawa, nikae, lakini Alhamisi nipande mizani nikiwa ndani ya gari. Mshale ukizidi, nashuka mimi anapanda koplo.

Kwa hiyo naanza kujinyima chakula leo hii.

Jioni nikakataa chakula. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu alipokuja kutusalimia mara moja, akaiangalia sahani yangu iliyojaa, akaniangalia mimi, akakusanya kanga yake. Mwanamume akikataa chakula cha nyumbani, akamwambia mke wangu nami nikiwepo, ujue anakula kwingine.

Sikuweza kujitetea. Kazi yetu ni siri ya taifa. Nyumbani nimesema tunatengeneza gari la kubebea maji.

Mke wangu wala hakuinua macho kwenye kushona kwake. "Mama, huyu haendi kwa mwanamke," akasema. "Anataka kukaa juu ya gari lao la kuogelea, na ni mnene."

Kumbe anasuka saluni moja na mke wa Ekseli! Siri ya taifa inasukwa kila Jumamosi pamoja na nywele, na ya leo imeletwa kwa simu.

Jumatano, 5 Machi

Njaa. Nimeona picha ya mkate kwenye kalenda nikaiheshimu.

Leo niliomba ruhusa ya nusu siku nifanye utafiti nyumbani. Utafiti wenyewe: nimetengeneza gari dogo kwa debe la mafuta ya kupikia, lina umbo lilelile, nikaliweka lielee kwenye beseni la kufulia. Ndani nikapanga viazi. Kila kiazi nimekiandika kwa kalamu ya wino mzito: INJINI, DEREVA, REDIO, BETRI. Kikubwa kuliko vyote nimekiandika MIMI. Kiazi MIMI kikikaa mbele, pua inazama. Kikikaa nyuma, mkia unazama. Kikikaa katikati kabisa, bila kucheka wala kupumua, debe linaelea kama bata.

Ugunduzi mkubwa! Nikakimbilia chumbani kuuandika. Simu ya kazini ikaniweka kidogo. Fundi wangu wa kuchomelea alikuwa analalamika kwamba Ekseli amekuja kupima meza yangu ya ofisi kwa futi kamba. Nikamwambia asimjibu, amtazame tu.

Niliporudi uani, debe lilikuwa linaelea tupu.

Mama mkwe alikwishamenya. INJINI alikuwa sufuriani, DEREVA na REDIO wamekatwa vipande, BETRI ameanza kuiva. Akaniambia kwa upole kwamba ameona nimeviosha mwenyewe, ameona nimejirudi, na hana kinyongo. Akaniwekea sahani. Macho yake yalikuwa na matumaini. Ningefanyaje?

Nimekula injini. Nimekula dereva. Mwisho nikajila mimi mwenyewe, na nilikuwa mtamu.

Mama mkwe ameniita mwanangu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Mke wangu amecheka mpaka ameshika ukuta. Nyumba imejaa furaha na mimi nimeongezeka kilo.

Kesho ni mizani.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni mali! Naandika kwa mkono unaonuka dizeli.

Asubuhi nilipanda mizani ya stoo. Afadhali ningelala. Nikakaa kwenye benchi nikilitazama gari, nikijiuliza ni nini kingine ndani yake kinachopimika. Chuma, nimekwishakiondoa. Viti, vinahitajika. Ndipo wazo likanijia kama kofi: mafuta! Tangi lile limejaa pomoni na dizeli si hewa, ina uzito. Bwawa ni dogo. Kulivuka kunahitaji kikombe na kisahani.

Wenzangu walipokwenda kula, nikachukua mpira, nikaingia chini ya gari, nikanyonya (sipendekezi), nikajaza madumu mawili. Nikayaficha nyuma ya pipa la grisi. Chini ya gari palikuwa pananuka dizeli hata kabla sijaanza. Nikadhani tangi linavuja. Tangi liko chini ya kitengo cha magurudumu, kwa hiyo nikafurahi.

Alasiri, mizani. Sajini, dereva wetu, akaliendesha gari polepole hadi kwenye sahani ya chuma. Mimi nimekaa juu, nimevuta pumzi na kuifungia. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama. Chini ya kiwango! Na nafasi ikabaki! Kanali akapangusa jasho, akasema jambo hili linashangaza. Hakuonekana kushangaa sana.

Nilipogeuka nikaliona tairi la spea. Limerudi! Limefungwa mgongoni pa gari kama mtoto. Nikamwuliza Ekseli kulikoni. Akasema alihisi tu kwamba nafasi itapatikana.

Vizuri. Nimekubali tairi lake kwa moyo mkunjufu. Mshindi hagombani.

Ijumaa, 7 Machi

USHINDI!

Gari la upelelezi, chini ya uangalizi wa mtazamaji mwenye uzoefu mkubwa (mimi), limevuka bwawa kwa mbinu mpya ya kivita iitwayo Mfumo wa Ukimya, likamfikia Jenerali karibu kiasi cha kumgusa begani, likasoma ubao herufi kwa herufi. Hakuna aliyeliona. Hakuna aliyelisikia. Wakaguzi wamestaajabu. Jenerali amenipa mkono mara mbili. Kitengo cha maji kimesalimika na mafundi wangu wote wanabaki. Wameimba njia nzima.

Wakati wa hatari nilikuwa mtulivu mno. Uongozi wa namna hii haufundishwi darasani. Nitaeleza zaidi nikipata nafasi.

Jumapili, 9 Machi

Leo mke wangu amefuta vumbi. Akasoma Ijumaa yote kwa sauti, mbele ya mama yake, akiigiza. Kisha akaniletea kalamu na chai. Akaniambia niandike kilichotokea, maana mke wa Ekseli amekwishamsimulia jana saluni, na ya saluni ni nzuri zaidi.

Haya. Ukweli ni huu.

Ndani tulikuwa watatu. Sajini kwenye usukani. Huyu ni mwanamama hodari, kazini hacheki. Fundi wa redio, aliyefumba macho tangu tulipowasha, akidai anasikiliza mawimbi. Na mimi juu, kifuniko wazi, darubini kifuani, jaketi la kuelea limefungwa kwa kamba ya viatu kwa sababu zipu ya kulia na ya kushoto zilikuwa hazijuani.

Kwenye mteremko wa kuingilia majini Sajini akasema mshale wa mafuta umelala. Nikamwambia ni mteremko unaudanganya. Ekseli, aliyekuwa amesimama nje, akadakia: kweli kabisa, ni mteremko. Mtu huyu hajawahi kukubaliana nami hata kwamba mvua inanyesha! Kanali naye akasema ni mteremko, Sajini, usiwe na wasiwasi, nenda. Nikafarijika. Wakuu watatu wenye kauli moja, si jambo la kila siku.

Tukaingia.

Hapa sitanii. Maji yalipanda mpaka kwenye taa, magurudumu yakaachana na ardhi, na tani zote zile za chuma zikatulia juu ya maji kama kitu kilichozaliwa humo. Rafadha ikaanza kusukuma. Nyuma yetu ukatokea mfereji mweupe wa povu. Mlango wa kulia ukatoa tone moja, nikalipangusa kwa leso, nalo likakubali yaishe. Nilikuwa nimelijua gari hili kwa michoro, kwa nyundo na kwa kuungua vidole. Sikujua kwamba linapendeza hivi. Macho yalinilowa. Si maji ya bwawa.

Tulipofika katikati injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Sajini akageuka taratibu akaniangalia kutoka chini. "Mzee, umetoa kiasi gani?"

Nikamwambia madumu mawili tu.

Akafumba macho. Akasema asubuhi ya Alhamisi, saa ya chai, alimwona Ekseli akipita na madumu mawili, akimwambia ni maji ya betri. Kumbe tairi la spea lilirudi kwa nauli ya dizeli! Kila mmoja wetu alikuwa amebakiza ya kuvukia, na kila mmoja amechukua ya mwenzake.

Kisha Sajini akauliza kama najua kuogelea. Nikatazama mawingu. Akasema vizuri, basi tutakaa.

Tukakaa. Upepo ukatushika. Ukatugeuza matako mbele, ukaanza kutusukuma kwa adabu, kama mtu anayemwongoza mgeni mlangoni. Nikafikiria nanga yangu, inayotundikiwa makoti. Tukaenda, tukaenda, hakuna hata mlio wa maji. Mwisho tukaingia kwenye matete marefu upande wa ng'ambo na tukakwama hapo. Nikayatenga majani kwa mkono. Mbele yangu, umbali wa kurushia kofia, ni hema la wakaguzi, na ubao wenyewe: KOFIA YA MPISHI IMEANGUKA KISIMANI.

Wakaguzi wote walikuwa wameelekeza darubini upande mwingine, mahali injini iliposikika mara ya mwisho. Mmoja alikuwa anamwambia Jenerali kwamba gari halionekani wala halisikiki, na anaogopa limezama. Wakati huohuo Kanali na Ekseli wakafika kwa gari dogo kupitia barabara ya pembeni, wakaisikia kauli hiyo.

Nilisubiri Ekseli atabasamu. Kitengo changu kilikuwa kimekufa, na stoo ilikuwa inaningoja.

Hakutabasamu. Alikaa chini akaanza kuvua viatu. Kanali akamwuliza anafanya nini. "Yule mzee hajui kuogelea, afande," Ekseli akasema. Akakunja suruali, akaingia majini na soksi zake.

Kumbe siri yangu anaijua! Saluni, bila shaka. Amejua kwa muda gani? Na hajawahi kunitania nalo hata siku moja, mtu anayenitania mpaka kwa namna ninavyopiga chafya.

Nilitaka kusema neno la kijeshi, la kueleweka. Kilichotoka ni kile unachosema mlangoni kwa watu.

"Hodi," nikasema.

Ekseli, kwa mshtuko, aliketi ndani ya maji, akalowa mpaka shingoni. Mkaguzi mmoja aliangusha kikombe. Jenerali, mtu mkubwa kwa cheo na kwa umbo, akayasogelea matete, akanitazama uso kwa uso, akauliza tumefika saa ngapi. Nikamjibu kitambo, afande. Akauliza mbona hawakutusikia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Sajini alinivuta mguu wa suruali kunikumbusha. Lakini mdomo wangu una uhuru wake.

"Ni Mfumo wa Ukimya, afande."

Nikamsomea na ubao. Jenerali akacheka kwa furaha kama mtoto. Akasema hatuna haja ya kurudi tulikotoka, anataka kulikagua papo hapo. Nikamshukuru Mungu, maana kurudi kungetuchukua hadi upepo ubadilike. Wageni walipoondoka, Ekseli, bado amelowa, akatuvuta kwa trekta. Alinirushia kamba, nami nikaifunga, na fundo langu akalifungua akalifunga upya.

Jana Kanali alituita ofisini, mimi na Ekseli. Tukakiri. Madumu mawili mimi, madumu mawili Ekseli. Kanali alisikiliza kwa ukali, akatukemea, akasimama dirishani. Akakohoa. Akasema, akiwa ametupa mgongo, kwamba na yeye Jumatano alitoa dumu moja. Dogo. Aliogopa mizani isije ikamwaibisha.

Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba Jenerali lazima aambiwe ukweli. Tukatazamana nani apige simu. Simu ikalia yenyewe: Jenerali. Mwezi ujao anakuja na wageni wakubwa kutoka mbali, na anataka waone Mfumo wa Ukimya. Zaidi ya hapo, safari hii kiti cha mtazamaji atakaa yeye. Kanali akasema ndiyo afande, ndiyo afande, bila shaka afande. Akakata simu, akatuangalia kama sisi ndio tuliojibu.

Leo baada ya chai Ekseli amekuja nyumbani. Kaka yangu Ekseli, nimwite hivyo sasa. Mama mkwe amempakulia sahani mbili. Tumekaa barazani na karatasi, tukapiga hesabu. Jenerali ni mzito kuliko mimi. Sana. Kabla ya yote tumeapa kwa mikono juu kwamba hakuna atakayegusa mafuta, hata tone. Asije mtu akasema hatujifunzi.

Kwa hiyo uzito huo lazima utoke kwingine. Nimefikiri mchana kutwa na nimepata jibu, nalo ni rahisi mpaka nimeona aibu kwamba hatukuliona mapema: breki. Ni chuma kitupu, nzito kama dhambi, na ziko kwenye kila gurudumu. Sasa majini breki ni za nini?

Ekseli akaandika breki kwenye karatasi. Akasema ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, ila breki ni za kitengo chake na hataki niziguse. Kesho atazing'oa mwenyewe.